Mlango wa Kushoto wa Gari la Mkwe

Tuliporudi kutoka Mpwapwa kumzika kaka yangu, gari tuliloazimwa lilikuwa na mikwaruzo mlango mzima wa mbele wa kushoto. Njia ya kwenda makaburini ni nyembamba na imesongwa na migunga. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa akiendesha, alilikwepa korongo akaliingiza gari kwenye miiba. Sote tuliokuwamo tuliisikia ikipita juu ya bati, na tulipofika nyumbani kwangu, Ipagala, tulishuka tukautazama mlango.

Mimi sikusoma shule. Haya anayaandika mjukuu wangu kama ninavyoyatamka. Habari za rangi ya magari nilizijua siku iliyofuata, kwa kusimama na kutazama.

Gari lile lilikuwa la baba wa mke wa mwanangu. Mwanangu alimwoa binti yule kwa kumtorosha. Ingawa wazee tulikaa tukayatengeneza, mkwe wangu hakupata kumwamini kijana. Aliitikia shikamoo yake, basi. Msiba wetu ndio uliomlainisha: alikuja mwenyewe na ufunguo, akauweka mkononi mwa mwanangu mbele yangu. Gari lilikuwa la bluu iliyokolea, na rangi yake ilikuwa ile ile ya kiwandani. Mzee alijivunia jambo hilo kuliko injini. Alizoea kusema kwamba gari lililopigwa rangi upya lina neno linalofichwa. Tulirudi Ijumaa jioni, naye angekuja kulichukua Jumapili baada ya ibada.

Jumamosi nilipotoka nje nilimkuta dada yangu ameinama ubavuni mwa gari. Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kichafu. Alikuwa amechota majivu jikoni, akalowanisha kitambaa, na alikuwa akiusugua mlango kwa nguvu zile zile anazosugulia sufuria. Alipoumwagia maji, mistari ya miiba ilikuwa pale pale, na juu yake ulikuwa umetanda ukungu wa viduara vyeupe, mlango mzima.

Mwanangu alipouona alikaa chini mavumbini. Nikamwamuru asimame. Akasema atalipeleka gari lipigwe rangi mlango ule mmoja, likauke, mkwe asitambue.

"Rangi ya kwanza ikishafunikwa hairudi," nikamwambia. "Na wewe utakuwa umemtoroshea mzee yule kitu mara ya pili."

Tukaenda kwa fundi wa magari, Mrangi kwa kabila, mtu wa Kondoa, mwenye kibanda cha mabati mtaani kwetu. Alilizunguka gari, akauliza nani aliyeusugua mlango. Dada yangu, aliyekuwa amekataa kubaki nyumbani, akasema ni yeye. Fundi akasema kwa utani kwamba sisi Wagogo tungeachiwa gari hilo mpaka Jumatatu, tungelikuna likawa kata ya kunywea maji. Nikamjibu kwamba Warangi wangekuwa wamekwisha kuliuza. Tukacheka kidogo, lakini mwanangu hakucheka.

Fundi alituonyesha kwa ukucha. Alipoupitisha juu ya mkwaruzo na ukateleza, alisema huo unaondoka. Alipofika karibu na kitasa, ukucha ulikwama. Akaeleza ubaya wa mkwaruzo huo: juu ya rangi kuna tabaka jembamba linalong'aa, kama vanishi juu ya meza, na kupolishi ni kulipunguza tabaka hilo mpaka lilingane na sakafu ya mkwaruzo. Mkwaruzo ukiwa wa juu juu, tabaka linabaki. Ukiwa wa kina, linakwisha kabla yake, na hapo hakuna dawa ila kupiga rangi.

Aliliosha gari kwa maji mengi na sabuni, akalisogeza kivulini, akangoja bati lipoe. Akabandika tepu ya karatasi kwenye kingo za mlango na kuzunguka kitasa, kwa kuwa kwenye kingo tabaka ni jembamba zaidi. Kisha akapaka dawa ya kupolishia, laini kuliko zote alizokuwa nazo, mahali padogo pa kiganja, akawasha mashine yenye sponji inayozunguka.

Nimechunga ng'ombe na nimewachuna. Najua namna kisu kinavyoweza kuitoboa ngozi kwa pigo moja la mtu mwenye haraka. Kila mashine iliponguruma nilikikumbuka kisu hicho. Fundi alikuwa akipita mara chache, anazima, anagusa bati kwa mgongo wa mkono kuona kama limepata moto, anafuta, anatazama akiwa ameinamisha kichwa pembeni. Ukungu wa majivu ukaanza kuondoka. Mlango ukarudisha sura zetu.

Mara mwanangu akamshika fundi bega. Kwenye sponji palikuwa na doa jeusi. Tulidhani ni rangi ya gari. Fundi alizima mashine, akalifuta doa kwa kitambaa cheupe, akalipeleka kwenye mwanga. Halikuwa bluu. Yalikuwa majivu yaliyojificha chini ya mpira wa kioo, nayo yangeendelea kukwaruza. Akatupa sponji ile, akaosha mlango upya, akaanza tena kwa sponji nyingine.

Alasiri ulibaki mkwaruzo mmoja, ule wa kitasani. Ulikuwa umefifia, lakini aliyelijua gari angeuona. Fundi akaweka mashine chini. Mwanangu akamsihi apite mara moja tu. Fundi akakataa, mwanangu akanyoosha mkono kuichukua mashine mwenyewe.

"Iache," nikasema.

"Baba, ataniona mimi ni yule yule."

"Atakuona ulivyo. Iache."

Aliiacha, lakini usiku ule hakula.

Jumapili mkwe alifika na suti yake ya kanisani. Dada yangu alitaka kuwa wa kwanza kusema. Nikamzuia, kwa sababu aliyeazima ndiye anayejibu. Mwanangu akamwamkia, akamwongoza mzee mpaka ubavu wa kushoto, akasema yote: korongo, miiba, majivu, fundi. Akaweka kidole kwenye mstari uliobaki.

Mkwe wangu aliinama. Akautazama mlango kwa karibu.

"Umepiga rangi?" akauliza.

"Hapana, baba. Nilitaka. Nilikatazwa."

Mzee alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Nilitegemea aombe ufunguo, na mwanangu alikuwa amekwisha kuutoa mfukoni. Mkwe hakuupokea. Alisema mkwaruzo ule atauzoea, ila dada yangu asilisogelee gari lake tena na majivu, naye dada yangu akaapa. Kisha mkwe akafungua mlango wa kushoto, upande wa abiria, akaketi, akafunga mkanda.

"Nipeleke nyumbani," akamwambia mwanangu. "Na makorongo uyaangalie mapema."