Vumbi la Tinde

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mawingu ya vumbi huko juu angani, mekundu na meusi, yamezificha nyota. Nikasikia tena harufu ya samadi na chaki.

Nilikuwa msichana mdogo shuleni Tinde. Mwalimu alichora ubaoni ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga usiku, na katikati akaacha sehemu nyeusi. "Hapa ni patupu," alisema.

"Ni vumbi, mwalimu," nikasema. "La ng'ombe wa mababu wakirudi zizini."

Darasa zima likacheka. Akanipigisha magoti uwanjani mpaka nikubali kwamba ni patupu. Jua likashuka, kokoto zikanichoma, sikukubali. Kisha kengele za ng'ombe zikasikika, na vumbi la kundi likafunika njia yote.

"Mwalimu, unawaona ng'ombe?"

"Siwaoni."

"Basi pale ni patupu?"

Alinichapa fimbo mbili kwa ujeuri wangu. Sikulia, wala sikufuta kauli.

"Bibi, zamani watu walidhani hapa peusi hapana kitu," mjukuu akasema, akigusa ile picha kwenye simu.

"Watu gani?" nikamuuliza. "Mimi nilikosea kuhusu ng'ombe tu."