Boti, Mapipa Mawili na Mama Mmoja

Kataa ukitaka, lakini wiki hii nimekwenda kununua boti hapa hapa Dodoma, ya mtumba, yenye injini mbili na chumba cha kulala. Imepandishwa kwenye tela nyuma ya duka la mfanyabiashara anayehama mji.

"Kijana, utaipeleka wapi?" akaniuliza.

"Bwawa la Hombolo, mzee. Nitawatembeza waheshimiwa wabunge. Si tumeambiwa soko huria? Wewe uza."

Shule niliiacha mapema, ila silipii injini nisiyoisikia. Nikamwambia awashe. Akasema injini za boti zikiwashwa kavu zinaungua, kila moja lazima izamishwe kwenye pipa la maji. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu juzi. Mapipa mawili yaliyojaa yalikuwa kwenye ua wa jirani, na mama mwenye mapipa alikuwa anatuangalia.

"Mama, tuazime mapipa, dakika tano tu."

Akakalia pipa moja, mguu akauweka juu ya la pili. "Yakishaingia mafuta, nipikie nini? Boti ikitaka maji iyafuate yaliko."

"Hii ni biashara, mama."

"Na hiki ni chakula cha jioni."

Mwenye boti alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia asimuuzie mtu mwingine: Jumamosi naleta maji yangu, injini zote mbili zitanguruma, na Hombolo mtaniona.

Kuna kitu nimekiruka. Ua ule ni kwetu, na yule ni mama yangu mzazi. Ameshasema maji nitakayoleta Jumamosi yatajaza mapipa yake kwanza, boti baadaye.