Kilo za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa akizungumza nami kupitia mume wangu, hata tukiwa watatu tumeizunguka injini moja. "Mwambie mwenzako hiyo plagi imeungua," anasema, na plagi yenyewe iko mkononi mwangu. Mume wangu ananigeukia: "Baba anasema plagi imeungua." Nami namjibu mume wangu: "Mwambie nimeiona." Tuliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Neno pekee aliloniambia mwenyewe lilikuwa marahaba, nalo alilitoa akitazama paa.

Nilipoolewa Michenga nilielezwa mapema namna ya nyumba ile. Mkwe na mkamwana hawataniani, hawali sahani moja, na mahali anapokaa mkwe mkamwana hakai, hata kama mwenyewe amesafiri wiki nzima. Nilikubali bila shida. Mimi nina hasira za karibu na ulimi wangu umelelewa gereji, kwa hiyo huenda ukimya ule ulituokoa wote wawili.

Kazi yangu ni ufundi wa injini. Nina banda pale Lumemo, natengeneza pampu za mashambani, pawatila za kulimia, na injini za boti za wavuvi wa Kilombero. Bado wapo wateja wanaofika, wananikuta nimeshika spana, mikono imejaa grisi, halafu wananiuliza fundi yuko wapi. Siku nikiwa na nafasi nawaambia ametoka, wamsubiri. Wanasubiri.

Baba mkwe naye alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa, Kidatu, mpaka alipostaafu. Zamani, akiwa kijana kazini, alipata gazeti la kigeni lililoachwa karakana, akachana ukurasa mmoja. Ulikuwa na picha ya boti ndogo ya mashindano, imepigwa kutoka ubavuni, na kati ya tumbo la boti na maji kulikuwa na uwazi mweupe. Ukurasa huo aliutunza pamoja na vyeti vyake. Alipostaafu alianza kuijenga boti hiyo kwa plaiwudi na gundi, kwenye kibanda cha nyuma ya jiko, akipima kwa jicho na kwa rula ya shule.

Ilitoka nzuri, lazima niseme. Ilikuwa na urefu wa mita tatu hivi, bapa, nyepesi kiasi kwamba mimi na mama mkwe tuliweza kuihamisha kuku wakitaka kupita. Mbele ilikuwa na mabega mawili yaliyochomoza pembeni. Boti ya namna hiyo ikikimbia sawasawa inagusa maji mahali patatu tu: bega hili, bega lile, na propela nyuma. Kwingine kote inaelea hewani. Sisi mafundi tunasema hapo boti imepanda. Mama mkwe alilisikia neno hilo mara ya kwanza akauliza, "Imepanda nini? Mpunga?" Tukacheka, baba mkwe akiwemo, ila yeye aligeukia ukutani kwanza.

Haraka yake ilitokana na macho. Daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, na jicho likishapoteza nuru haliponi. Dawa ya matone ingeshikilia kilichobaki, kwa muda. Yeye mwenyewe hakuwahi kukiri kwamba kuna kitu asichokiona. Akigonga mlango alisema mlango umejengwa vibaya. Lakini sote tulijua alichokitaka: boti yake ipande juu ya maji wakati bado ana macho ya kuiona. Hakuwa na ombi jingine. Nilimhurumia sana kwa hilo, nami sikuwa na njia ya kumwambia.

Injini aliipata Morogoro kwa muuza mitumba, iliyokuwa imekaa pale kwa sababu hakuna mvuvi aliyeitaka. Ilikuwa injini ya mashindano. Ndogo, mguu mfupi, haina gia ya nyuma wala ya kupumzika. Ukivuta kamba ikawaka, imeshaondoka. Akamwambia mume wangu, "Mpe mwenzako aiangalie." Nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizokuwa amenipa, naye aliitoa akiwa amenipa mgongo.

Injini niliitengeneza ndani ya wiki mbili. Kazi ngumu ilikuwa kuioanisha na boti. Ukiifunga chini sana inakokota maji, ukiifunga juu sana propela inanyonya hewa na kupiga kelele bure. Propela nayo ina hatua yake, yaani umbali ambao mzunguko mmoja unataka kuisukuma boti. Hatua ndefu inaleta mbio, lakini inataka mzigo mwepesi. Hatua fupi inavuta mzigo, lakini mbio zinakufa. Boti yenyewe ilikuwa haina uzito wa kutisha, kwa hiyo mzigo wote, kwa kweli, ni dereva. Bila kujua kilo za dereva, nilikuwa nabahatisha tu.

Sasa nani amuulize? Mimi, mkamwana, niseme habari za mwili wa baba mkwe? Nikamwomba mume wangu. Mume wangu alikuna kichwa siku mbili, kisha akamwomba mama yake. Jibu likarudi kwa njia ileile: sabini. Nikashukuru. Nilimtazama baba mkwe kwa mbali, jinsi mkanda ulivyokuwa umepotea chini ya tumbo, nikajiambia labda mifupa yake ni myepesi. Ndivyo adabu inavyoweza kumpofusha fundi.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Boti ile haina kiti. Dereva anapiga magoti juu ya mto wa sponji, na mto ule alikuwa ameushona yeye mwenyewe, akaupigia magoti kila jioni pale kibandani kujizoeza. Kwa hiyo palikuwa mahali pake. Fundi yeyote angeijaribu boti mwenyewe kabla ya kumkabidhi mwenye boti. Mimi nilipaswa kuipima kwa masikio, nikiwa ukingoni.

Tuliipeleka kwenye bwawa pana ambalo mto huliacha kiangazi, maji yametulia, na wavuvi wa pale walituhakikishia kwamba viboko wamehamia mbali. Baba mkwe alivaa jaketi la kuokolea, akafunga kwenye kifundo cha mkono kamba ya kuzimia injini, akapiga magoti. Mume wangu aliinua mkia wa boti, kamba ya kuwashia ikavutwa, injini ikalia, akauachia.

Boti haikupanda. Ilinyanyua pua juu, ikakaa na matako majini kama bata aliyeshiba, ikalima maji kutoka upande huu hadi ule. Wavuvi walishangilia kwa adabu. Aliporudi, nguo zimeloa mpaka shingoni, alisema, "Mwambie fundi injini yake ni mvivu."

Injini yake! Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilibadilisha propela, nikaweka ya hatua fupi. Nikapunguza kimo cha injini kwa upana wa kidole, nikaiinamisha kidogo ili isukume pua chini. Jumamosi iliyofuata tukarudi. Injini ililia vizuri zaidi, pua ikashuka kidogo, lakini boti ikabaki palepale inalima. Baba mkwe alishuka, akakosea ukingo kwa hatua nzima, akaanguka kwenye matope, na alipoinuka alikuwa akiangalia upande ambao hatukuwepo. Nikajua hana Jumamosi nyingi.

Siku hiyo mchana nilikuwa jikoni na mama mkwe tukipeta mchele. Nikamwambia, "Mama, sielewi. Kwa kilo sabini boti ile ilitakiwa ipande hata ingekuwa na propela ya mbao."

Mama mkwe akaendelea kupeta. Akapeta sana. Halafu akasema, "Sabini ni ya kwenye kadi yake ya hospitali ya kazini."

"Kadi ya lini?"

"Kabla hajastaafu."

"Kwa hiyo hukumuuliza?"

"Mwanangu, nimuulize mtu mzima kilo zake? Aniulize zangu?"

Nilicheka hadi mchele ukamwagika, naye akacheka, kisha nikaacha kucheka kwa sababu nilishapiga hesabu kichwani. Kwa mwili ule, hakuna propela katika bonde zima la Kilombero ambayo ingeiinua boti. Injini ilikuwa sahihi. Boti ilikuwa sahihi. Mwenye boti ndiye aliyezidi. Mume wangu asingesaidia, maana yeye anamzidi baba yake kwa tumbo. Mtu wa kilo hamsini na mbili pale nyumbani alikuwa mmoja, na huyo haruhusiwi kugusa ule mto.

Nilimwambia mume wangu akamweleze baba yake. Akasema atatafuta wakati mzuri. Ninamjua mume wangu. Wakati wake mzuri huwa hauna tarehe. Nikaona nikingoja, macho ya mzee hayatangoja pamoja nami.

Nikaenda kibandani mwenyewe. Baba mkwe alikuwa akiipangusa boti kwa fulana kuukuu, akipapasa kila ungio kwa vidole kabla ya kupitisha kitambaa. Nilisalimia, akaitikia akitazama mabati. Nikasimama mbele ya injini, nikaweka mkono juu yake, nikaiambia kwa sauti:

"Wewe injini, pole. Umeitwa mvivu na huna kosa. Mimi fundi wako nimekuangalia ndani na nje, uko mzima. Na aliyeijenga hii boti hajakosea hata msumari. Ila umebebeshwa mtu ambaye hukutengenezewa wewe. Ukipewa mwepesi, utapanda."

Fulana ikasimama juu ya plaiwudi. Kisha baba mkwe akainama upande wake wa injini, akaiuliza taratibu, "Na wewe injini, una hakika?"

Nikajibu kwa niaba yake. "Ina hakika, baba."

Akaendelea kupangusa. Nikatoka. Nilijua nimemnyang'anya kitu alichokingoja maisha yake yote, na nilijiona mbaya, ingawa kila neno lilikuwa la kweli.

Asubuhi iliyofuata alituamsha yeye. Tukaenda bwawani. Mume wangu aliingiza boti majini, mama mkwe akaketi kwenye nyasi na chupa ya chai. Baba mkwe alivua jaketi la kuokolea akanipa mkononi. Halafu akaingia majini mpaka magotini, akainama, akautoa ule mto wake wa sponji, akauweka kwapani. Mahali pake akatandaza kanga mpya, iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Akaipiga piga ilale.

Akanigeukia. Alinitazama mimi, siyo paa, kwani paa halikuwepo.

"Panda," akasema.

Nilipanda. Nilifunga kamba ya kuzimia kwenye kifundo, nikasikia mkia ukiinuliwa, nikavuta ile ya kuwashia. Sina maneno mazuri ya kueleza kilichofuata. Kwanza maji yalikuwa yakinipiga magotini kupitia mbao, tatatata, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nikasogea mbele, nikalalia kifua. Kubisha kukakoma. Injini ikapandisha sauti yenyewe bila mimi kuongeza mafuta, na boti ikawa kama imesahau kwamba kuna maji. Nilipiga ukelele. Wavuvi wanasema nilipiga ukelele bwawa zima, mimi nakumbuka mmoja tu.

Nilizunguka mara moja, nikazima, nikaacha boti ije yenyewe mpaka kwenye matete. Baba mkwe alikuwa majini hadi kiunoni, suruali na viatu, mto wake umelowa kwapani. Aliishika pua ya boti kwa mikono miwili.

"Imeachana na maji," akaniambia. "Mwanga umepita chini yake. Nimeuona, umeingia upande huu ukatokea ule. Wewe uliuona?"

"Hapana, baba. Ukiwa ndani huuoni."

Mdomo ukamtetemeka, nikadhani anataka kulia, kumbe anacheka. "Kwa hiyo ningepanda mimi, nisingeuona kabisa."

"Usingeuona."

Akaigeuza boti taratibu ielekee bwawani, akashika mkia mwenyewe, akamwashiria mume wangu akae pembeni.

"Rudia," akasema. "Lakini ukizunguka, nipitie upande wa kushoto, mwanangu. Jicho la kulia lilishazima siku nyingi."