Waliomwitikia Kapinga

Nyumbani kwa Mama Germaine, kule mtaa wa Annexe, Lubumbashi, mtu hasemi peke yake. Ukianza habari, hata kama ni ya ugali ulioungua, lazima mtu akupokee. "Eyo," yaani ndiyo, anasema mmoja huku anachambua maharagwe. "Njo vile," yaani ndivyo hivyo, anaongeza mwingine. "Na kisha?" Wewe unaendelea, wao wanakusindikiza hivyo hivyo mpaka unafika mwisho. Anayesikiliza kimya ana neno lake: ama amekasirika, ama anakuona muongo. Walikuja na tabia hiyo kutoka Kasai, na kwa kukaa Lubumbashi haikupungua hata kidogo. Kaka yake Mama Germaine, Tonton Rigobert, aliyefanya kazi kwenye reli mpaka pensheni, ndiye anayeitikia kwa nguvu kuliko wote. Majirani wanasema "Eyo" yake inavuka barabara.

Ndani ya kelele hiyo alikulia Kapinga, binti wa Mama Germaine, msichana mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeomba ruhusa.

Kiingereza alikipata sokoni kabla ya darasani. Mama yake anauza vitu vinavyoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa: sabuni, mafuta ya nywele, unga wa uji wa watoto, biskuti. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza cha Wazambia, na wateja wanataka kujua wananunua nini. "Kapinga, kuya kusoma!" mama alikuwa anaita. Mtoto anashika boksi, anakunja uso, anasoma. Pale asipoelewa, anajaza mwenyewe. Mara moja alimwambia mama mmoja kwamba unga ule wa uji unapikwa na ndizi. Mama yule alirudi baada ya wiki, Kapinga akajificha nyuma ya katoni za sabuni. Kumbe amekuja kuchukua boksi zingine mbili. Mtoto wake sasa anamaliza sahani.

Chuo kikuu akaingia idara ya Kiingereza. Alijifunza jinsi ulimi unavyogusa meno, jinsi sentensi inavyofunguliwa vipande kama injini ya gari, na mashairi ya watu wanaolilia theluji ambayo yeye hajawahi kuiona hata kwenye friji, maana umeme wa kwao haukai mpaka barafu igande. Aliyapenda yote. Lakini lililomkamata kabisa ni somo la Madame Mukuka, mwalimu mfupi wa viatu vyekundu, lililohusu mazungumzo: nani anasema, nani anangoja, na yule anayengoja anafanya nini.

Wakati huo Kapinga alikuwa anasoma riwaya za Kiingereza, na kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua. Humo ndani mtu anaweza kumwaga moyo wake ukurasa mzima, na anayemsikiliza anaangalia dirisha tu. Kwao mtu kama huyo angeulizwa kama ana malaria. Alipomweleza Madame Mukuka, mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ma fille," alisema, "njo mémoire yako hiyo."

Akaiandika, iwe kazi yake ya kumalizia chuo. Alikaa sokoni, kwenye vituo vya basi, kwenye nyua za watu, akasikiliza watu wanavyoitikia, kisha akalinganisha na riwaya zake. Kazi ilitoka nzuri, Madame Mukuka mwenyewe alisema hivyo. Kilichobaki kilikuwa défense, yaani kuitetea kwa mdomo, kwa Kiingereza, mbele ya walimu watatu.

Hapo ndipo aliposhindwa. Siku ya kwanza hakumwambia mtu wa nyumbani, kwa kuogopa ile sauti ya Tonton. Alisimama peke yake, walimu wakainamia karatasi zao, kimya, kama wasomi wanavyosikiliza. Sentensi ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka nusu. Ya tatu ilibaki kooni, Kapinga akabaki ameshika meza mpaka mwenyekiti akamwambia akae. Wakamrudisha kwa session ya pili, ya marudio. Baada ya hiyo hakuna nyingine mwaka huu, na masista wa shule ya jirani walikuwa wanamngoja awafundishie Kiingereza. Walishamwambia: ukileta diploma kabla shule hazijafunguliwa, darasa ni lako, usipoileta, tutatafuta mwingine. Kwa hiyo alichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja tu. Aseme mpaka mwisho.

Asubuhi ya session ya pili, Mama Germaine aliangalia miguu ya binti yake.

"Weye, ile viatu ni ya misa ya dimanche. Leo mercredi. Unaenda wapi?"

Kapinga hajui kudanganya. Akasema.

"Na shiye benye? Tubaki hapa kama bageni?"

"Mama, ni Kingereza tupu. Hamutasikia hata kintu."

"Bankambo yako ba zamani balisikia Latin ku misa?" aliuliza Tonton Rigobert, ambaye tayari alikuwa anatafuta koti. "Balikuwa banaitika tu. Na mbinguni balifika."

Kapinga aliwaapisha wakae nyuma kabisa na wanyamaze. "Kama majiwe," aliapa Tonton. Wakaenda wote, na mashangazi wawili juu yake, na vitenge vya kufanana, maana kwao huendi kumwona mtoto wako akihukumiwa umevaa kama unaenda kuchota maji.

Mwenyekiti wa walimu siku hiyo alikuwa Profesa Kalaba, mtu mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni. Wanafunzi wanasema hajawahi kucheka ndani ya jengo lile. Kama anacheka, anachekea kwake. Alikaa kati ya Madame Mukuka na mwalimu wa tatu, akampa Kapinga neno, akainamia karatasi.

Kapinga alisoma sentensi ya kwanza. Ukumbi kimya. Panka la juu linazunguka. Mkono ukatafuta meza, kama mara ile.

"Eyo," ikatoka nyuma.

Ilikuwa sauti ya Mama Germaine, wala haikuwa kubwa. Ilimtoka yenyewe, kama inavyomtoka juu ya maharagwe. Kapinga alitamani sakafu ifunguke. Lakini sentensi ya pili ilitoka nzima.

"Eyo."

Na ya tatu.

"Njo vile!" Huyo sasa alikuwa Tonton Rigobert, jiwe lililoapa.

Wanafunzi waliokuja kutazama wakaanza kuuma midomo wasicheke. Mashangazi nao wakaingia, mmoja baada ya mwingine, na Kapinga akasikia Kiingereza chake kinakimbia mbele yake, yeye anakifuata. Alinyoosha mgongo. Aliinua mkono kuonyesha jambo, mkono ambao mara ya kwanza ulikuwa umeng'ang'ania meza.

Profesa Kalaba akagonga meza kwa kalamu.

"Silence! Bale ba nyuma, mu banani?"

Tonton alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Shiye bazazi, Professeur."

"Munasikia Kingereza?"

"Apana, Professeur. Hata kamoja."

"Sasa munaitika nini?"

"Tunaitika mutoto."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Profesa hakulipuka nao. Alisema hii ni kazi ya chuo, si nyumba ya kilio. Atakayefungua mdomo tena atatoka nje. Akamfanyia Kapinga ishara aendelee.

Kapinga aliendelea. Sentensi moja. Kisha nusu. Kisha panka peke yake. Aliinua macho, akawaona wa kwao: mama ameuma ncha ya kitenge asije akaitikia, Tonton amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka kama mtu aliyezuia chafya kanisani. Hapo akaelewa. Alikuwa ameandika kurasa na kurasa juu ya ugonjwa wake mwenyewe, akidhani anaandika juu ya watu wa sokoni.

Aliweka karatasi chini. Akamgeukia mwenyekiti na, kwa Kiingereza, bila kusoma popote, akasema:

"Profesa, kilichotokea sasa hivi ni sura ya tatu ya kazi yangu."

Profesa alivua miwani. "Msomi lazima ajue kusema peke yake, Mademoiselle," alijibu, kwa Kiingereza pia.

"Najua, Profesa. Lakini nimeandika kwamba kwetu hakuna anayesema vizuri akiwa hajaitikiwa. Leo nikisema vizuri katika kimya hiki, kazi yangu itakuwa ya uongo, na mtanipunguzia."

Madame Mukuka aligeuka ukutani, akajifanya anatafuta leso. Mwalimu wa tatu hakujifanya, alicheka wazi. Profesa Kalaba aliwatazama waliovaa vitenge.

"Nitajuaje kama hawapayuki tu?" aliuliza.

"Wajaribu mwenyewe, Profesa."

Basi akachukua kazi ya Kapinga, akaifungua popote, akawaambia wa nyuma kwa Kiswahili kwamba amewafungulia mdomo, kisha akasoma kwa Kiingereza. Mwisho wa sentensi, "Eyo!" ikaja kwa pamoja. Akasoma nyingine. "Eyo!" Sasa akataka kuwatega. Alikata sentensi katikati, sauti ikiwa bado juu, akanyamaza muda mrefu, akiwaangalia. Hakuna aliyefungua mdomo. Tonton Rigobert aliinua kidole kimoja tu.

"Bado, Professeur. Haujafika."

Wanafunzi walianguka juu ya madawati. Na pale, ndani ya jengo lile, mbele ya mashahidi, Profesa Kalaba alicheka. Kicheko chake kilikuwa chembamba, cha kitoto, na yeye mwenyewe alionekana kukishangaa. Alimaliza sentensi, akaitikiwa, akaongeza nyingine. Akasoma ukurasa mzima ambao hakuna aliyemwomba ausome, kila mwisho wa sentensi sauti inampanda, mpaka Madame Mukuka akamgusa kiwiko: "Monsieur le Président, ni défense ya mutoto."

Akamrudishia Kapinga karatasi. Kapinga hakuzihitaji sana. Alisema mpaka mwisho, akapita mwisho, akajibu maswali, akabishana na mwalimu wa tatu juu ya riwaya moja, na kila hoja yake ilipopokelewa nyuma alikuwa anaonekana kama anarefuka. Walimu walitoka, wakarudi. Profesa alisoma matokeo kwa Kifaransa, na alipotaja "distinction", daraja la juu, aliwageukia wa nyuma, akangoja.

"EYO!" Hiyo ilivuka barabara kweli.

Nje walimmwagia poda, kama anavyofanyiwa kila aliyefaulu, mpaka akawa mweupe kama mkate ambao haujaingia ovenini. Mashangazi walicheza. Mama Germaine alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, akimfuta binti yake poda machoni kwa ncha ile ile ya kitenge, kisha shangazi anammwagia nyingine. Walikaa kwenye ukuta mfupi wa bustani, wakafungua chupa za sucré, soda tamu, Tonton akashusha pumzi.

"Sasa mutoto," alisema, "ile yote tuliitika, ulikuwa unasema nini?"

Kapinga alikunywa kidogo, akapanga maneno kwa Kiswahili. "Nilisema bantu ba kwetu banaitika juu ya kumuonyesha mwenye kusema kama bako pamoja naye."

Alingoja. Hakuna aliyeitikia.

"Apana," alisema Tonton Rigobert. "Hapo nakataa."

"Tonton, jury ya ba Professeur imekubali!"

"Jury haiko mu nyumba yetu. Miye naitika juu muntu amalize mbio. Mama yako akianza habari ya soko, usipomusukuma na eyo, jua linazama."

"Weye!" Mama Germaine aliruka. "Kumbe miaka yote unanisukuma?"

"Miye naitika juu nisilale," alikiri shangazi mmoja.

"Na miye," alisema mwingine, "naitika juu nijue wapi nitaingiza yangu."

Kapinga alijaribu kueleza sura ya pili, wakamkatia njiani. Alijaribu ya nne, wakasema hiyo labda ni ya watu wa mjini. Alikuwa anacheka mpaka poda inamdondoka mabegani, diploma ni yake, darasa la masista ni lake. Vinywaji vilipata joto juani bila mtu kuvikumbuka, maana kila mmoja pale ukutani alikuwa na lake la kumsahihisha.