Divai Nyekundu Kwenye Ntheo ya Dada

Baba ndiye aliyenituma Ikutha kumwambia babu, baba yake mama, asilete pombe kwenye ntheo ya dada. Ntheo ni siku ya mbuzi: upande wa bwana unaleta mbuzi, tunachinja, na ndoa inahesabika kikwetu. Bila pombe ya asali, wazee wa zamani huona kama hakuna kilichofanyika. Babu anafuga nyuki, na kaluvu yake, hiyo pombe ya asali, inajulikana mpaka Kambu. Alianza kuitengeneza mara tu aliposikia dada amechumbiwa.

Mimi ni mtu wa haya. Hata darasani, mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, sauti inakataa kutoka. Lakini kwa babu nilisema, kwa sababu niliamini. Baba ni mzee wa kanisa, na tangu nikiwa mdogo nasikia pombe haitaingia nyumba hii.

"Baba yako anasema niache pombe, ama niache kuja?" babu akauliza.

"Uache pombe tu, babu."

"Sasa mzee mzima aende ntheo ya mjukuu mikono mitupu? Afadhali nikae na nyuki zangu."

Alicheka, lakini hakunisindikiza mpaka barabarani kama kawaida yake. Na siku yenyewe hakuja.

Wageni walikuja na mjomba wa bwana, mhudumu wa hoteli ya watalii Mombasa. Nyama ilipoiva, akatoa chupa mbili kwenye mkoba. "Mzee, hii ni divai. Wazungu hawali nyama bila hii."

Nilimtazama baba, nikangoja akatae. Akaigeuza chupa, kisha akaniita mimi, bintiye. "Mama, si wewe uko sekondari? Tusomee hii maneno."

Nikasoma nikitafsiri, masikio yakiniwaka moto. Kwamba ndani mna zabibu za aina tatu zilizochanganywa: moja ya rangi, moja ya ukali, moja ya kuilainisha. Kwamba zimekuzwa kwenye bonde moja la Ufaransa, udongo wa mawe, jua kali, mvua chache.

"Hiyo si ni hapa kwetu!" shangazi, dada yake baba, akapiga kelele. Watu wakacheka.

Kwamba inafaa kunywewa na nyama ya kuchoma, kondoo na jibini.

"Na isyo je? Hawajaandika isyo?" Shangazi alikuwa amepakata bakuli lake la mahindi na maharagwe.

"Mzungu atatoa wapi meno ya isyo?" mjomba akamjibu.

Nikafika chini kabisa, kwenye herufi ndogo zinazosema kiasi cha pombe. Nikafungua mdomo.

"Hapo inatosha, mama," baba akasema polepole, akaweka kidole gumba juu ya yale maandishi.

Kumbe alijua. Kama angekuwa hajui, ningemsamehe hata kabla hajameza.

Wakamiminiana kwenye vikombe vya chai. Baba akasema divai imo kwenye Biblia. Mzee mwenzake wa kanisa akasema amina, akaongezewa. Ndipo shangazi akauliza, "Na mkweo wa Ikutha yuko wapi leo?"

Baba akafuta mdomo. "Huyo alikataa mwenyewe. Tulimwita, akasema anakaa na nyuki zake."

Maneno ya babu, niliyoyaleta mimi kwa kinywa changu! Nilimgeukia mama aseme kitu, maana huyo ni baba yake mzazi. Mama akaninong'oneza, "Lete maji wageni wanawe mikono."

Jikoni nilionja iliyobaki kwenye kikombe kimoja. Ilikuwa chungu, inakausha ulimi. Ilikuwa pombe tu.

Shule zilipokaribia kufungwa tena, baba akaniambia mbele ya mama, "Ukienda Ikutha umsalimie babu yako. Mwambie tulisikitika hakuja."

"Mimi sipeleki," nikasema. "Enda umwambie wewe."

Sauti ilitoka yenyewe, kubwa, hata mimi nikashtuka. Mama akaacha kumenya malenge. Nilidhani baba atanipiga. Akachukua kofia yake, akatoka nje.

Mpaka leo hajaenda. Mimi naenda kila likizo, na babu ananipa asali, lakini habari za nyumbani haniulizi tena.