Dereva Aliyefunga Tela Peke Yake

Kufunga tela la maji nyuma ya gari ni kazi ya watu wawili, na haichukui dakika tatu. Mmoja anakaa kwenye usukani na kurudi nyuma polepole. Mwenzake anasimama kando ya tela akimwelekeza kwa mkono: kulia, kidogo, kidogo tena, hapo hapo. Lotiir Esekon aliifanya peke yake, na ilimchukua nusu saa. Wanawake waliopanga mitungi kwenye foleni kule Kakuma walimpa jina la Shuka Panda, kwa sababu kila aliporudi nyuma hatua moja alizima gari, akavuta handibreki, akatia ufunguo mfukoni, akashuka kutazama, kisha akapanda tena.

Mimi ni karani wa ghala la shirika lililomwajiri, hapa Lodwar. Habari zake nilizijua kwanza kwa fomu, baadaye kwa kinywa chake mwenyewe.

Lotiir alizaliwa Lorugum. Mbuzi wa baba yake walipokwisha kwa ukame alikwenda Kalemng'orok kuosha magari kando ya barabara ya Kitale, na huko dereva mmoja wa lori akamfundisha kuendesha. Alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini na minane. Mkewe Nasike alibaki Lodwar, yeye akapangiwa Kakuma. Gari lake lilikuwa Landkruza kuukuu ya kuvuta tela lenye tangi la lita elfu mbili. Asubuhi aliliacha tela kisimani lijazwe, akaenda na gari kwenye shughuli nyingine, akarudi kulifunga na kulipeleka pasipokuwa na maji.

Utingo wake alikuwa Koang, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu mzima mwenye mke, mrefu kiasi kwamba alikaa ndani ya gari magoti yakigusa dashibodi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alimwelekeza Lotiir kwa sauti ile ile ya kanisani: "Njoo, njoo, njooo… bas!" Miaka miwili walifanya kazi pamoja bila kugombana. Chai walikunywa kikombe kimoja, kwa sababu cha pili kilianguka barabarani na hakuna aliyekumbuka kununua kingine.

Gari lile lilikuwa na kasoro moja. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umeisha, kimebaki chuma kitupu. Januari ya mwaka 2022 Lotiir aliandika ombi la mpira mpya. Ombi lilipita mezani kwangu, nami nikaliweka kwenye faili la mwezi uliofuata, kwa kuwa halikuonekana kuwa la haraka.

Februari, siku ya Jumanne, tangi lilijaa likafurika. Chini kisimani pakawa tope, na viatu vya Lotiir vikalowa alipokwenda kufunga bomba. Kagurudumu kadogo kanakobeba shingo ya tela, yaani kile chuma kirefu cha mbele chenye pete, kalikuwa kamepinda, hivyo Koang alichukua mtaimbo ili ainyanyue shingo ikutane na ndoano ya gari. Jenereta ya pampu ilikuwa inanguruma. Mwangalizi wa kisima alikuwa ndani ya kibanda chake. Lotiir akarudi nyuma, klachi amekanyaga nusu. Koang akapiga hatua kuvuka upande wa pili wa shingo, na hapo ndipo mguu wa Lotiir ulipoteleza kwenye kile chuma kitupu.

Gari liliruka nyuma mara moja tu, likazimika. Ndoano ilimkuta Koang tumboni, na mgongoni palikuwa na pete ya tela lenye tani mbili za maji, lisilosogea.

Koang hakupiga kelele. Alisema, "Mbele. Lotiir, enda mbele." Akasema tena. Mara ya tatu alilitaja jina tu. Lotiir aliyasikia yote matatu, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Lakini badala ya kuwasha gari na kusogea mbele, alifungua mlango akashuka kwenda kutazama. Alipomwona alimkumbatia mabegani, akajaribu kumvuta. Mtu hawezi kuvutwa akiwa amebanwa hivyo. Koang alimtazama, akasema, "Gari." Lotiir akarudi kwenye usukani, akauzungusha ufunguo mara kadhaa, ukamshinda. Ni dakika ngapi zilipita kabla gari halijawaka na kusogea mbele, hajui. Daktari hakusema kama zingebadilisha chochote, naye Lotiir hakuthubutu kuuliza.

Koang alifariki siku ya pili jioni, hospitalini. Polisi waliandika kuwa ni ajali. Mimi nilijaza fomu ya ofisi, kwa Kiingereza, na palipoulizwa kama majeruhi alisema lolote, Lotiir aliniambia, "Andika hapana, dada Rael." Nikaandika.

Maneno hayo hayo aliyapeleka msibani. Nyadak, mkewe Koang, alikuwa amekaa chini kwenye turubai kati ya wanawake wa kwaya. Alimwuliza mbele yao.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mama. Alizimia pale pale."

"Hakusikia uchungu?"

"Hapana."

Nyadak akainamisha kichwa, na mama mmoja wa kwaya akamwashiria Lotiir aondoke.

Aliporudishiwa gari alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakifunga kwenye pedali kwa waya. Kazi ya dakika kumi. Kisha akaiambia ofisi kwamba hataki utingo. Walimletea watu wawili kwa nyakati tofauti, akawarudisha. Mkubwa wetu alikasirika, lakini maji yalikuwa yanafika na kazi ilikuwa inaenda, basi akaachwa.

Akajifundisha kufunga tela peke yake. Alizuia magurudumu ya tela kwa mawe manne. Shingo aliiweka juu ya gogo alilolichonga mpaka pete ikawa juu kidogo tu ya ndoano. Kwenye pete alisimamisha fimbo yenye kitambaa chekundu ili aione kwa kioo cha nyuma. Kitambaa kikikaa katikati ya kioo, amelenga. Kikihamia pembeni, analivuta gari mbele na kuanza upya, maana gari likienda kombo kwa karibu hivyo halinyooshwi kwa kurudi nyuma zaidi. Kisha akashuka na kupanda, akashuka na kupanda. Kabla ya yote hayo alizungushia kamba ya plastiki kwenye vigingi vinne, na hakuna aliyeruhusiwa kuivuka. Wanaume walijitolea kumsaidia, wengine kwa huruma, wengine kwa sababu jua la Kakuma lilikuwa linawachoma kwenye foleni. Mtu akivuka kamba, Lotiir alizima gari na kukaa kimya, mikono juu ya usukani, mpaka atoke.

Nyumbani pia alibadilika. Nasike aliniambia sokoni kwamba mumewe akija likizo hulala chini kwenye mkeka, na ukimgusa akiwa usingizini hufungua mikono kama anayempokea mtu.

Mwaka 2025 pampu ya mtaa mmoja wa kambi iliharibika, na Lotiir akapangiwa kupeleka maji huko mara tatu kwa wiki. Aliacha tela lililojaa, akachukua lile tupu la safari iliyopita. Msimamizi wa foleni pale bombani alikuwa Nyadak.

Siku ya kwanza alimsalimia. Nyadak aliitikia kwa kichwa na kugeukia mitungi yake. Ikawa hivyo majuma na majuma. Alisimama kando ya bomba akihesabu watu, na Lotiir ndani ya kamba yake akashuka na kupanda, akijua kuwa anatazamwa.

Mwezi wa Septemba, siku yenye upepo na vumbi, tela tupu lilikuwa limeachwa kwenye mteremko mdogo. Lotiir alilenga vizuri, lakini pete ilibaki vidole viwili kabla ya kufika. Mara nyingine angepanda tena. Siku hiyo alikuwa amechoka, na tela tupu si zito sana, basi akazima gari, akaondoa jiwe la mbele ya gurudumu, na kuivuta shingo kwa mkono. Tela likaja lote kwa mkupuo. Mkono wake wa kushoto ukabaki kati ya pete na ndoano.

Hakuita mtu. Foleni ilimwona ameinama pale kama alivyoinama siku zote, na kamba ilikuwa imefungwa, na wote walikuwa wameshajifunza kutoivuka. Aliniambia kwamba alijaribu kulisukuma tela kwa bega, likakataa, kisha akaacha. Alisimama tu, uso wake ukiwa juu ya chuma. Aliwaza kwamba ni haki.

Nyadak ndiye aliyeona damu ikichuruzika kwenye bampa. Aliivuta kamba kigingi kikang'oka, akaita wanawake wawili wa mbele ya foleni, na watatu hao wakaliegemea tela mpaka likarudi nyuma na mkono ukatoka. Alimfunga kwa kitenge chake. Pikipiki ikawapeleka hospitali, yeye amekaa nyuma akimshikilia asianguke.

Vidole viwili vilikatwa. Baada ya hapo walikaa kwenye benchi la nje wakisubiri dawa. Nyadak alikuwa na doa la damu begani na hakulishughulikia.

"Kwa nini hukuita mtu?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Watu mia moja iko pale. Wewe nanyamaza kama jiwe."

Lotiir akatazama bandeji. Kisha akamwambia. Alimwambia kwamba Koang hakuzimia. Alimwambia maneno yale matatu, na mlango alioufungua, na jinsi alivyomvuta, na neno la nne, na ufunguo uliomshinda. Alisema yote bila kupumzika, kwa Kiswahili rahisi ili asilazimike kurudia.

Muuguzi alitoka, akaita jina la mtu mwingine, akarudi ndani.

"Mimi nalala miaka mitatu," Nyadak akasema, "kwa sababu wewe nasema hakusikia uchungu. Watoto nawaambia hivyo. Kanisani nashukuru Mungu kwa hiyo." Akasimama. "Hii kitu ungebaki nayo."

Akaondoka bila kitenge chake.

Juma lililofuata bomba lilikuwa na msimamizi mwingine. Lotiir alirudishwa Lodwar, na hapo ndipo alipokuja ghalani na kuniambia, "Dada Rael, ile fomu uliyoandika, ibadilishe." Faili lilikuwa limefungwa zamani. Niliandika karatasi mpya, akaweka sahihi, nikaibana nyuma ya ile ya kwanza. Nami nikamwonyesha ombi lake la mpira wa klachi, lenye tarehe na mhuri wangu. Alilisoma, akalikunja, akanirudishia.

Hakuendesha tena. Alipewa kazi ya lango.

Desemba simu yake ililia. Alikuwa Nyadak. Hakusalimia. Alitaka apelekwe kisimani, aone mahali penyewe, na alimtaka Lotiir awepo. Lotiir aliomba ruhusa, akapanda basi la Kakuma, na dereva mwingine wa shirika akawachukua wote wawili kwa gari lile lile. Njiani Nyadak alikaa mbele, Lotiir nyuma.

Kisimani aliuliza, "Yeye alisimama wapi?"

Lotiir akamwonyesha. Dereva aliliweka gari kama lilivyokuwa siku ile, akalizima, akashuka na kwenda kando bila kuambiwa. Nyadak alisimama pale nyuma, mgongo wake ukiwa upande wa kisima, akaweka kiganja juu ya ndoano. Kisha akaenda mpaka mlango wa dereva, akaufungua na kuufunga. Kutoka mlangoni akatembea kurudi nyuma ya gari, polepole, akihesabu kwa Kinuer, lugha ya kwao. Alirudia mara mbili.

"Tano," akasema. "Hatua tano."

"Ndiyo, mama."

Hakumwambia amemsamehe, wala hakumlaani. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye changarawe, akaomba kwa lugha yake. Lotiir hakuelewa maneno isipokuwa jina la Koang. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, mkono wa vidole vitatu juu ya ule mzima.

Mwangalizi wa kisima alitoka kibandani na kikombe cha maji baridi. Nyadak alikunywa nusu. Akatazama kilichobaki, akamnyooshea Lotiir kikombe kile bila kumtazama usoni. Lotiir akakipokea kwa mikono miwili na kukimaliza, nao wakapanda gari kurudi Kakuma, kila mtu kwenye kiti alichojia.