Taligi na Simu Thelathini na Nne

Kijijini kwetu Fagalelei, ukitaka kubishana na Taligi kuhusu uzito wa kitu, heri ubishane na ukuta. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye banda la kununulia kakao akishika mizani, na hakuna mkulima aliyewahi kumlaghai. Si kwamba hawakujaribu. Wapo waliolowesha magunia usiku, wapo waliotia mawe chini kabisa. Taligi aliinua gunia kidogo tu kwa mkono mmoja, akatabasamu, akauliza, "Na hili jiwe nalo mmelianika juani?" Mtu alicheka kwa aibu, akatoa jiwe lake. Banda lilipofungwa akawa katibu wa kamati ya wanawake, lakini tabia haikumtoka. Neno lolote aliloambiwa alitaka kwanza alipime.

Alikuwa na dada mmoja, Fuatino, anayeishi Auckland. Mama yao alifariki Taligi akiwa na miaka minne na Fuatino kumi na tano, kwa hiyo dada ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamchapa, akamfundisha kusuka mkeka. Baadaye Fuatino alivuka bahari kwenda kufua mashuka ya hoteli. Sasa ni mgonjwa wa figo, anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na daktari amemkataza kupanda ndege. Mwaka huo mjukuu wa Taligi, mtoto wa miaka saba aliyepewa jina la Fuatino, alikuwa anasimama mbele ya kanisa kwa mara ya kwanza kukariri zaburi siku ya Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto.

"Sitaki zawadi, sitaki mkeka," Fuatino alisema kwenye simu. "Nataka nimwone mtoto kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwaka jana mlinionyesha mtoto wa Malia, picha ikaganda amefumbua mdomo. Nilikaa nusu saa natazama meno."

"Utamwona, dada."

"Usiniahidi kama hujui."

Neno hilo lilimchoma Taligi, kwa sababu kweli hakujua.

Wakati huohuo kampuni mpya ya simu, Manu, ikasimamisha mnara kilimani nyuma ya shule. Sisi wote tulikuwa na laini za Fetu, kampuni ya zamani, na hakuna aliyekuwa na la kuisifu. Wakala wa Manu alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri na katoni ya laini za majaribio, akasema kijiji kizima kikihama pamoja kwa mwaka mmoja, bando litakuwa nafuu sana. Huku kwetu jambo kama hilo haliamuliwi na mtu mmoja mmoja. Linaamuliwa na baraza la wakuu wa koo, na baraza likishasema, limesema.

Baraza lilimtuma Tuiloma akapime. Tuiloma ndiye msemaji wa kijiji, mwenye fimbo na usinga, na ni shemeji yake Taligi, kaka wa marehemu mumewe. Akasimama mlangoni mwa kanisa Jumapili mchungaji akihubiri, simu ameificha chini ya kitabu cha nyimbo, akapima kasi ya data. Fetu ikatoa megabiti tisa kwa sekunde. Manu ikatoa arobaini na sita. Alirudi barazani kifua mbele kama mtu aliyeshinda mashindano ya mitumbwi, na hotuba aliyotoa siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko mahubiri aliyokosa. Ikabaki Ijumaa tu, siku ya kutoa uamuzi.

Taligi naye alifurahi. Tena sana. Jumatatu alikuwa akipasua majani ya mkadi ya kusukia mikeka, anawaza jinsi dada yake atakavyomwona mtoto vizuri, mara mikono ikasimama. Jumapili, mchungaji akihubiri? Saa hiyo nani mwingine alikuwa na simu hewani? Kwetu ukitoa simu kanisani, mzee wa zamu anakugusa bega kwa ufito, na aibu yake inakufuata wiki nzima. Mtandao wa kijiji kizima ulikuwa wa Tuiloma peke yake! Lakini Jumapili Nyeupe ndiyo siku pekee ambayo mchungaji hufumba macho, na kila mzazi huinua simu juu kumwonyesha mtoto wake kwa ndugu wa Auckland, Sydney na kwingineko, wote kwa saa moja.

"Amepima gunia tupu," Taligi alisema peke yake, akaweka majani chini.

Kazi ilikuwa namna ya kumwambia. Msemaji wa kijiji hakosolewi na shemeji yake mbele za watu, na akikosolewa faraghani ananuna kwa mwezi. Taligi akachemsha kakao nzito, akaibeba birika mpaka kwa Tuiloma, akaketi chini kwa adabu.

"Shemeji, namba zako zimekaa vizuri," alianza.

"Namba hazidanganyi," Tuiloma alijibu, akipuliza kikombe.

"Hazidanganyi hata kidogo. Ila nina ombi. Wewe ndiye uliyeanza kupima, naomba ndiye umalize. Wanawake wangu wanataka kuona simu zao wenyewe, zote kwa pamoja, kama siku ya watoto itakavyokuwa. Na unawajua. Nikisimama mimi kuwapanga, watanigeuza ngoma. Wanahitaji sauti inayosikika."

Tuiloma akamtazama kwa jicho la pembeni. "Shemeji, kakao hii ina sukari nyingi. Unanitegea nini?"

"Nikutegee mimi? Mwanamke mzima?"

Tuiloma akacheka, akanywa, akakubali.

Jumatano asubuhi wanawake thelathini na nne wakajaa kwenye nyumba ya kusukia, ile isiyo na kuta, kila mmoja kwenye mkeka wake na laini mbili ndani ya simu. Ndugu wa ng'ambo walikuwa wameambiwa wasubiri. Tuiloma akasimama katikati na usinga begani. Taligi alikuwa na penseli na karatasi ya daftari.

"Kwanza Manu!" Tuiloma akanguruma. "Asipige mtu mpaka usinga ushuke!"

Usinga ukashuka. Dakika ya kwanza ilikuwa raha tupu, nyuso za ng'ambo ziko safi mpaka unaona vipele. Watu wakapiga vigelegele. Kisha kona ya mashariki mtu akasema, "Haloo? Haloo?" Mwingine akafuata, na mwingine.

"Mume wangu ameganda jicho moja limefumbwa!" Malia alipiga kelele.

"Si ndivyo alivyo akikuongopea?" jirani yake akamjibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Lakini Taligi hakucheka. Alipita mkeka kwa mkeka akihesabu, na simu zilizobaki hai zilikuwa saba. Wakahamia Fetu. Nyuso zikaja na ukungu, kama unamtazama mtu nyuma ya mvuke wa sufuria, na sauti ilichelewa kidogo. Hata hivyo zilikuja, na zikakaa. Baada ya dakika kumi zilikuwa ishirini na tisa.

"Tena," Taligi akasema.

"Tena?" Malia akauliza. "Dada'ngu, wifi yangu huko anaanza kuniomba mikeka!"

"Tena. Gunia halipimwi mara moja."

Wakarudia mara mbili zaidi, wakabadilishana nafasi, wa mashariki wakakaa magharibi. Manu ikabakisha saba, tisa, sita. Fetu ishirini na tisa, ishirini na nane, thelathini.

Kicheko kiliisha. Wanawake wote walimtazama Tuiloma, na Tuiloma alitazama usinga wake. Mtu mzima, mwenye cheo, ameshalitangazia baraza namba arobaini na sita kwa mbwembwe zote zile. Taligi angeweza kusema neno moja tu la kumwaibisha hapo, na sisi wengine tungelisema. Yeye alikunja karatasi vizuri, akampa kwa mikono miwili.

"Haya ni matokeo yako, shemeji. Wewe ndiye uliyeshusha usinga."

Tuiloma aliipokea, akaondoka nayo. Siku mbili hizo Taligi hakulala vizuri, kwa sababu karatasi ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye angeweza kuiwashia sigara, na ahadi aliyompa dada yake ilikuwa ndani ya karatasi hiyo.

Ijumaa wakuu wa koo wakaketi, kila mmoja ameegemea nguzo yake, nasi wengine tukasikiliza kutoka kwenye nyasi. Tuiloma akasimama, akaegemea fimbo, na safari hii hotuba ilikuwa fupi.

"Waheshimiwa, Jumapili nilipima mtandao uliolala. Juzi nimeupima ukiwa macho. Tukihama, siku ya watoto wetu tutawaonyesha ndugu zetu picha zilizoganda. Na mjue, akili hii si yangu. Ni ya katibu wa kamati ya wanawake, mke wa kaka yangu, ambaye alinipa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe. Mimi nimepiga kelele tu."

Nimekaa kijijini hapa tangu kuzaliwa, na sijawahi kumsikia msemaji akisema hivyo barazani. Taligi aliinamisha kichwa akawa anang'oa nyasi, lakini masikio yake yalikuwa mekundu kwa fahari, na sisi wanawake tulikuwa na fahari kuliko yeye. Baraza likaamua kubaki Fetu na kuipelekea kampuni ile karatasi, iongeze kasi. Kasi hiyo tunaisubiri mpaka leo.

Jumapili Nyeupe ikafika. Kanisa zima lilikuwa watoto wenye nguo nyeupe na mikono ya wazazi juu. Fuatino mdogo akapanda mbele, akaanza zaburi. Taligi alishika simu kwa mikono yote miwili. Uso wa dada yake kwenye kioo ulikuwa na ukungu, lakini midomo ilionekana ikifuatisha kila neno. Mstari wa kwanza, wa tatu, wa sita. Mtoto alisahau kidogo kwenye wa saba, akameza mate, akaendelea. Alipomaliza aliinama, kanisa likaitikia amina, na picha ilikuwa bado inatembea.

Taligi akatoka nje haraka, akaweka simu sikioni. "Umeona, dada?"

"Nimeona mpaka mwisho." Fuatino alikuwa analia, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, majirani waliojaa sebuleni kwake. "Sasa geuza simu."

"Mtoto bado yuko ndani, ngoja nika—"

"Simtaki mtoto. Jionyeshe wewe."

Taligi hakuwahi kujigeuzia simu hata siku moja. Alifuta jasho, akanyoosha ukosi wa gauni lake jeupe, akageuza. Akamwona Fuatino akiwaita watu waje karibu, akiwaelekezea kidole kwenye kioo.

"Mtazameni vizuri," Fuatino aliwaambia. "Huyu nimemlea mimi."